Njiani Kwenda Hongu na Mama

Chikatsuyu, Jumatatu jioni

Kwako Kaka Hidenori,

Mimi na Mama hatujambo, ila magoti yake yanalalamika. Mabegi yanatangulia kwa gari, sisi tunafuata kwa miguu na ramani yetu, kwenye njia ya mahujaji wa hekalu kuu la Hongu. Mvua imetufuata tangu kijiji cha Takahara. Mama anasema mawe ya njia hii yalipangwa na mtu asiyempenda mama yake. Hata hivyo anakula vizuri, na jana alicheka. Tangu Baba afariki sikuwa nimemsikia akicheka.

Leo tulijibanza kwenye hekalu dogo kukwepa mvua. Mtawa mmoja mzee alitupa chai, akamuuliza Mama, "Una watoto wangapi, mwenzangu?"

Nikainamisha kichwa. Tangu ulipokosa mazishi ya Baba, Mama hujibu, "Mmoja."

Mama akapuliza chai yake. "Wawili," akasema. "Huyu hapa, na kaka yake, bingwa wa kuchelewa."

"Naye anakuja?"

"Hajaitwa," Mama akajibu kwa sauti ndogo.

Machozi yalinilenga, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Tulipofika hapa Chikatsuyu aliomba simu kwa mwenye nyumba ya wageni, akapiga kwenye nyumba ya kule Hongu, tutakakolala Ijumaa na Jumamosi.

"Tulisema tuko wawili," nilimsikia. "Sasa andika watatu. Na mpike wali wa kutosha, huyo wa tatu anakula kama ng'ombe."

Basi Kaka, umeitwa.

Mdogo wako,
Chizuru