Dishi Kivulini

Mbugani, Kyela
10 Juni 2026

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ugonile? Mgongo unaendeleaje baada ya kukanda udongo wote ule? Sisi hatujambo. Tuntufye ananyonya kama aliyeambiwa maziwa yanaisha kesho. Mshono bado unavuta nikiinama, na daktari amesema nisipande mtumbwi mpaka upone. Kulala nimesahau kukoje. Nafumba macho nikiwa nimeshika ufagio.

Mama, tangu umchukue Jubilate ili nipumzike, sijamwona uso. Miaka mitatu ni umri wa kusahau, na mimi naogopa. Kwa hiyo tunataka kukuwekea intaneti hapo Ikombe, niwaone kila jioni. Tumebishana sana na baba yake. Hapa mtaani faiba imepita kwenye nguzo, ina kasi na haina mbwembwe, lakini ni waya, na waya hauwezi kuzunguka Milima ya Livingstone mpaka kwako. Kuna ruta ndogo ya laini, unaweka bando inawaka, ila nayo inategemea mnara, na mnara wa Matema umefichwa na bega la mlima. La tatu ni dishi la setilaiti. Lenyewe halitaki mnara, linaongea na mbingu moja kwa moja. Bei yake inauma, linataka sola, na linataka mbingu iliyo wazi. Baba Jubilate amelipenda kama alivyonipenda mimi zamani.

Niambie, ukisimama uani unaona mbingu kiasi gani?

Mwanao,
Mama Jubilate


Ikombe
19 Juni 2026

Mwanangu Anyisile,

Marahaba. Mgongo upo, nami nipo, tunavumiliana. Barua yako ilifika ndani ya chungu kilichokosa mnunuzi Matema, inanuka dagaa. Pole na mshono.

Mbingu unayoniuliza, nusu yake ni mlima. Tunaamka, tunachota maji, tunakanda udongo, jua bado linapanda huko nyuma, halijatufikia. Nusu nyingine iko juu ya ziwa, na hiyo ni kubwa, sijui niitumie kwa nini. Simu nikiipeleka kwenye jiwe la kufulia inaniandikia karibu Malawi. Nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa, leo simu inanikaribisha ugenini!

Mtoto mzima. Juzi wale wadudu wa ziwani walisimama juu ya maji kama moshi, nguzo kwa nguzo, mpaka ng'ambo haionekani. Jubilate akakaa mchangani anatazama.

"Mama anapika," akasema.

"Anapika nini?"

"Ndizi."

Akangoja mpaka moshi ukatawanyika, ndipo akaja kula kwangu bila ubishi.

Siku hizi ananiita mama. Namsahihisha, anasahau. Nakuambia mwenyewe usije ukalisikia kwa wengine.

Mama yako


Mbugani, Kyela
24 Juni 2026

Mama mpendwa,

Shikamoo, na ndaga fijo kwa barua. Tuntufye ana mafua kidogo, mimi nina usingizi tu. Jana niliota nimesimama hapa sebuleni, maji ya ziwa yakaingia polepole chini ya mlango, ya uvuguvugu, yakaninyanyua na kiti changu. Nikashtuka, kumbe uji umefurika.

Barua yako nimeisoma nikinyonyesha, tena na tena. Pale alipokuita mama naparuka.

Basi ruta tumeiacha, hatuwezi kununua bando la kukaribishwa Malawi. Hiyo nusu ya mbingu iliyo juu ya ziwa inatosha. Dishi litakuja Jumamosi pamoja na sola yake, kwa mtumbwi wa vyungu ukirudi. Baba Jubilate amelijaribu hapa, ni kulichomeka kwenye sola tu. Limefungwa kwenye kitenge changu. Kitenge usikifue, Jubilate akilalie.

Nakuambia kwa upole, Mama, lakini nakuambia: usichoke kumsahihisha.

Jumapili baada ya ibada nitakuwa nimeshika simu.

Mwanao,
Mama Jubilate


Ikombe
24 Julai 2026

Mwanangu,

Natumaini mafua ya mdogo yamekwisha. Sisi wazima. Juzi tumeonana kwenye kioo, lakini mengine siwezi kuyasema pale, mtoto anasikiliza. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nisamehe kwa Jumapili zile ulizongoja bure. Dishi lilifika limelowa, mawimbi yalikuwa makubwa. Mimi kitu kilicholowa sikianiki juani, kitapasuka. Nikaliweka kivulini nyuma ya nyumba, vinapopumzikia vyungu vibichi, nikalifunika majani ya mgomba, kila asubuhi naligeuza. Andongwisye jirani alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, unangoja liive ulichome?" Tukalibeba hadi kwenye mchanga, likatazama ziwa, tukalichomeka kwenye sola, tukakupigia, na palepale uso wako ukatokea.

Wewe ulimwona Jubilate amejificha kwenye kanga yangu, ukadhani ni aibu. Ulipokata simu akaniuliza: "Yule mama wa kwenye simu ana mtoto mmoja tu?"

Nikamwosha miguu.

Mama yako


Mbugani, Kyela
29 Julai 2026

Mama yangu,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, mshono umefunga, na leo daktari ameniruhusu.

Usiombe msamaha kwa dishi. Kama si hilo nisingejua. Faiba, ruta, setilaiti, nilivipima vyote kama anayechagua mchele, na kila kimoja kingeniletea uso wake tu.

Jumamosi mtumbwi ukishashusha vyungu Matema, nitakaa mimi na Tuntufye vilipokuwa vyungu. Barua hii anayo mwenye mtumbwi, akichelewa kukupa tutafika nayo pamoja. Nitakaa mpaka Jubilate achoke kuniona, na nikirudi narudi naye. Baba yao alitaka kubisha, nikampa Tuntufye ambadilishe nepi, akasahau alichotaka kusema. Dishi liache palepale mchangani, sasa Baba Jubilate ndiye atakayetutazama kwenye kioo.

Jubilate usimwambie. Mwache akae mchangani anapokaaga. Nikishuka asiponikimbilia, usimsukume. Nitakaa chini karibu naye, nimuulize anatazama nini.

Ndizi zimenye uziweke, lakini usiwashe moto. Nitapika mwenyewe.

Mwanao,
mama wa watoto wawili