Bi Harusi na Mistari ya Chokaa

Jumatatu, 1 Agosti 1977

Toroli mbili zimevunjika magurudumu tena. Nimeanza wiki kwa kugombana na karakana. Pamba ya msimu inaingia kwa malori mfululizo, marobota yamejaa ghalani hadi usawa wa madirisha. Watu wangu wanayapakia kwenye toroli, wanakatisha uwanja wa lami, wanayaingiza kwenye chumba cha kufungulia pamba. Siku nzima, kwenda na kurudi. Kazi ya punda.

Kusimamia wanaume kumi na vumbi la pamba nilishazoea. Wao ndio hawajazoea kusimamiwa na mwanamke, tena Mhaya. Isipokuwa Mzee Mabula. Yeye yupo tangu kiwanda kinafunguliwa. Mimi ni mkubwa wake wa kazi, lakini asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu, kisha ananiuliza tuanze na lori lipi. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Mchana nimeitwa na Meneja. Keshokutwa inakuja mashine kutoka Ulaya, zawadi ya wafadhili. Gari la kuvuta mizigo lisilo na dereva. Nikacheka. Meneja hakucheka.

Alhamisi, 4 Agosti

Imefika, siku moja baada ya ahadi. Rangi ya chungwa, kimo cha kifua changu. Imekuja na fundi wake, Bwana Anders, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuombea maji tu.

Ajabu yake ni hii. Anders amepaka mstari mweupe kutoka ghalani, ukakatisha lami, hadi chumba cha kufungulia. Chini ya tumbo la mashine kuna taa na jicho. Jicho linaufuata ule weupe juu ya weusi. Mstari ukipinda, mashine inapinda. Ukisimama mbele yake inakugusa mguu kidogo kwa pua yake ya mpira, inatulia, inasubiri upishe. Nyuma inavuta matela matatu ya marobota, na kengele ndogo inalia ikitembea.

Watu wangu walizunguka kuitazama. Kabla ya saa ya chai ilishapata jina: Bi Harusi. Inakwenda polepole, macho chini, haimtazami mtu, na wapambe nyuma yake.

Nimeipenda. Humu hakuna anayesoma, acha niandike ukweli. Haichelewi Jumatatu. Hainuki pombe. Haiombi ruhusa ya msiba wa shangazi aliyekwisha kuzikwa mara mbili.

Jumanne, 9 Agosti

Anders ananifundisha. Kuchaji betri. Kulipangusa jicho kwa kitambaa laini, maana vumbi la pamba linalitia ukungu. Kuangalia kama mstari umechafuka. Ana subira, na hajanisemesha hata mara moja kama mtoto, jambo ambalo Meneja hajaliweza kwa miaka yote.

Meneja ameniita tena. Wageni wa wizara watakuja Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili. Bi Harusi ikifanya kazi vizuri mbele yao, zitaagizwa nyingine, na mimi nitapelekwa Ulaya miezi sita kusomea mashine hizi. Nikirudi, idara ni yangu.

Nimetembea hadi nyumbani Mkuyuni sikuhisi njia. Nimenunua sato mkubwa, nimemkaanga, nimemla peke yangu. Furaha tupu.

Jumamosi, 13 Agosti

Leo nimeambiwa nusu ya pili ya habari. Meneja aliisema akiwa anatafuta kiberiti, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Bi Harusi ikifaulu, watu wote wa toroli watahamishiwa shamba la kiwanda, kule Misungwi, ukishapita Usagara. Hakuna anayefukuzwa, amesisitiza. Wanakwenda kwenye uzalishaji. Nikasema ndiyo.

Tulikuwa bado ofisini, na watu wa toroli walishajua. Kiwandani habari haina mguu lakini inatangulia.

Jumapili, 14 Agosti

Baada ya ibada nimekwenda Pasiansi kwa Mzee Mabula. Mkewe, Mama Minza, ana kisukari kibaya. Kila asubuhi anachomwa sindano zahanati, na dawa yenyewe inakaa kwenye jokofu. Alikuwa barazani anachambua mchicha. Amekonda, vidole tu vina nguvu. Akanitania kuwa nimenenepa kwa vya Wazungu.

Mzee hakuniomba kitu. Alinisindikiza hadi barabarani, ndipo akauliza kule shambani kuna jokofu au hakuna. Nikamjibu nitauliza.

Nimemdanganya. Nilikwenda Misungwi mwaka jana kuvuna na wenzangu wa kiwandani. Hakuna jokofu. Umeme wenyewe haupo.

Alhamisi, 18 Agosti

Nimemuuliza Meneja hata hivyo. Nimeomba Mzee Mabula abaki, kazi yoyote, hata kufagia. Akasema akibakiza mmoja, tisa watakuja na wake wagonjwa. Akasema pia kwamba mtu anayetayarishwa kwa ukubwa hatakiwi kuwa na moyo laini.

Nina hasira. Na bado nataka kwenda Ulaya. Vyote viwili viko ndani yangu na wala havisumbuani, hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 20 Agosti

Maandalizi. Katibu wa tawi la chama amegawa kazi. Akina mama wa jikoni, vitumbua na chai. Vijana wa ngoma, mazoezi. Watu wa toroli, chokaa.

Mgeni haji mahali pasipo na chokaa, hilo linajulikana hata na watoto. Wamepaka mawe ya getini. Wamepaka miti ya bustani hadi kiunoni. Halafu mistari miwili ya kuongoza wageni, kutoka getini, katikati ya uwanja wa lami, hadi jukwaani. Mzee Mabula ameisimamia mwenyewe. Amefunga kamba kwenye misumari, akapiga magoti, akainyoosha kwa brashi pole pole. Jasho lilimtoka jioni yote. Huyu ndiye mtu ambaye wageni wanakuja kumwondoa.

Nilimwambia apumzike. Akasema mgeni ni mgeni.

Meneja alipita akasema hapo sasa wageni wataona kiwanda. Anders alipiga picha. Mimi nikasema pamependeza. Tulipita pembeni mwa mistari tusiichafue, sote, tukaenda nyumbani.

Jumatatu, 22 Agosti

Siku ya aibu. Nitaiandika yote.

Wageni wamefika, ngoma imechezwa, hotuba zimesomwa. Saa ya Bi Harusi ikafika. Nikabonyeza kitufe cha kijani kwa mkono wangu. Ikatoka ghalani na marobota yake, taratibu. Ikaingia kwenye lami. Ikafika pale mstari wa Anders unapokatana na chokaa ya Mzee Mabula.

Mstari wetu ulikuwa umechakaa kwa majuma mawili ya mafuta na miguu. Chokaa ilikuwa mpya, inang'aa. Jicho likachagua.

Bi Harusi ikapinda kushoto. Kwa adabu yote, ikafuata njia ya wageni kuelekea jukwaani. Anders alikimbia. Mimi nilikimbia. Kitufe cha kuzimia kipo nyuma ya mashine, na matela yalituzuia kukifikia. Ikaigonga meza ya soda, ikatulia kidogo, meza ikaanguka, njia ikawa nyeupe tena, ikaendelea. Ikasimama ilipougusa mguu wa mgeni mkubwa mwenyewe. Pale ikatulia, inasubiri apishe.

Akina mama wa jikoni wakashindwa kujizuia, wakapiga vigelegele. Uwanja mzima ukacheka. Mgeni naye alicheka, akipangusa soda kwenye suruali. Ila alipokuwa anaingia garini alimuuliza Meneja, nilisikia, kama hii ni mashine au ni hujuma.

Huyo ametania. Meneja hakuchukulia hivyo.

Jumanne, 23 Agosti

Mzee Mabula amesimamishwa kazi. Hujuma. Neno zito siku hizi, mtu akishapakwa halioshwi. Kamati ya wafanyakazi itakaa Ijumaa. Akipatikana na hatia anafukuzwa kabisa, na asiye na kazi mjini anapakiwa lori kwenda kijijini. Mama Minza ataondoka naye, na sindano zitabaki hapa.

Meneja ameniita. Hakunitisha, alikuwa mpole, na upole wake ulinikera kuliko ukali. Wageni wamekubali kurudi tarehe tano Septemba. Safari yangu iko pale pale. Ninachotakiwa kusema mbele ya kamati ni kimoja tu, nacho ni kweli: kwamba mzee alijua mashine inafuata mstari mweupe.

Ni kweli. Alijua. Nani hakujua? Hata mwuza karanga wa getini anajua.

Alhamisi, 25 Agosti

Nimepita Pasiansi. Mzee Mabula alikuwa anatengeneza mlango wa banda la kuku. Nikamuuliza moja kwa moja. Hakukasirika. Alisema hivi: "Mwanangu, ule wa Mzungu ni mstari wa kazi. Yangu ilikuwa chokaa ya wageni. Sikufikiria kama mashine haiwezi kutofautisha."

Na mimi sikufikiria. Nimelijua jicho lile kuliko mtu yeyote hapa, nimelipangusa kila siku, na nilipoiona chokaa niliona heshima tu. Sikuona mstari. Anders naye aliona picha nzuri. Ni hivyo tu, hakuna zaidi.

Nimerudi nyumbani nimechoka. Sitaki kwenda kesho.

Ijumaa, 26 Agosti

Nimekwenda.

Bwalo lilijaa. Mzee Mabula alikaa peke yake kwenye benchi ya mbele, amevaa shati lake la kanisani. Meneja alieleza. Kulwa, fundi wa umeme, akathibitisha kuwa watu wa toroli walikuwa na sababu ya kuichukia mashine. Wakaniita mimi. Nikaulizwa: mtuhumiwa alijua au hakujua?

Nikasimama. Nikasema:

"Ndugu Mwenyekiti, alijua. Na mimi nilijua, na Meneja alijua, na Katibu aliyeamuru chokaa ipakwe alijua. Jumamosi tulipita pale wote tukaisifu. Kama ile ni hujuma, benchi hiyo ni fupi. Tusogee tukae naye."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwenyekiti akamwuliza Katibu kama ni kweli aliamuru. Katibu akatazama viatu. Akasema ni kweli. Akaulizwa Meneja kama alipita akasifu. Akasema hakumbuki. Hapo Anders, ambaye sikujua anaelewa kiasi gani, akanyanyuka akasema kwa kile Kiswahili chake, "Nakumbuka. Na mimi nilipita. Nilipiga picha."

Mzee Mabula amerudishwa kazini. Alinipita mlangoni, akanipa mkono. Meneja alinipita pia. Huyo hakunipa mkono.

Jumatatu, 5 Septemba

Wageni wamerudi. Safari hii chokaa imepakwa kwenye mawe tu. Bi Harusi imekwenda, imerudi, imekwenda tena. Haikukosea hata kidogo, na kwa hiyo watu wa toroli watakwenda Misungwi, Mzee Mabula akiwemo. Ni mashine nzuri, siwezi kusema vingine kwa sababu tu nimeumia.

Safari ya Ulaya amepewa Kulwa. Nimesikia kwenye foleni ya chai. Nimekunywa chai yangu yote, nikarudi ghalani, nikalia nyuma ya marobota. Basi.

Jumatano, 7 Septemba

Anders anaondoka wiki ijayo. Kabla hajaondoka amedai jambo moja kwa maandishi na kwa mdomo. Mstari lazima usafishwe na kupakwa upya kila siku, vinginevyo jicho litapotea tena. Anataka mtu mmoja wa kudumu. Meneja akamwambia achague. Anders akatoa picha yake mfukoni, ile ya Jumamosi, akaweka kidole juu ya mtu aliyepiga magoti.

Meneja akamrudishia picha. Alishakubali mbele yetu.

Jumamosi, 10 Septemba

Lori limewachukua tisa. Waliimba wakipanda, wimbo wao wa kuvutia toroli. Wawili hawakunitazama. Nimesimama getini hadi vumbi lilipotulia. Sijui ningefanya nini zaidi, na sina hakika kama nilifanya yote.

Jumatatu, 3 Oktoba

Ghala kimya. Kengele ndogo ya Bi Harusi na mashine za kusokota kwa mbali, basi. Wakati mwingine najikuta naimba ule wimbo wa toroli, maneno sijui, nanung'unika tu.

Asubuhi nimemkuta Mzee Mabula kwenye lami na kamba yake na brashi. Shikamoo. Marahaba mwanangu. Mama Minza hajambo, amechomwa, anasalimu, ametuma ndizi. Nikaenda kuwasha mashine. Ikatoka ghalani na marobota, ikafika mahali mzee alipokuwa amepiga magoti anamalizia. Pua ya mpira ikamgusa mgongoni. Ikatulia.

Hakugeuka. Alimaliza kipande chake, akatazama kama kimenyooka, akarudia pembeni kidogo. Kisha akakaa chini palepale, akafungua chupa ya chai, akamimina.

Akaniambia rangi bado mbichi. Nikachukua kikombe changu, nikakaa naye.