Video ya Wesley

Jumanne, 6 Mei

Umeme ulirudi saa nne. Foleni mpaka nje ya duka. Wote wanataka fotokopi ya vitambulisho, wote wametoka hospitali hapo ng'ambo, hakuna mwenye subira. Wino mweusi umebaki kidogo.

Saa ya chakula nikafungua grupu ya wachezaji wa Kikapu, ule mchezo wa kompyuta wa kuchuma chai. Bado wanagombana kuhusu kuteleza. Kwenye Kikapu, mchumaji akiteleza matopeni anamwaga majani yote na kuanza tena chini ya mlima. Nusu ya grupu inasema ni uonevu. Odhiambo, karani wa kiwanda cha chai upande wa Kericho, ndiye admini wetu. Anasema ukiondoa kuteleza hakuna mchezo tena, ni kutembea tu. Niko naye. Hofu ya kuteleza ndiyo inakufanya uangalie unapokanyaga.

Wesley hakusema kitu. Mchezo ni wake, aliutengeneza huko Kaplong, na siku hizi hasemi kitu. Sasa hivi Kikapu kinachezwa kwa kompyuta peke yake. Toleo la simu, lile tulilolichangia, aliahidi kabla ya Pasaka. Pasaka imepita.

Alhamisi, 8 Mei

Wesley ameamka. Ametuma video, Kikapu kikichezwa kwenye simu. Haifiki dakika mbili. Watu wamefurahi mpaka wengine wanataka kuchanga tena.

Nimeitazama mara tatu. Kuna kitu sikipendi. Sijui ni nini.

Ijumaa, 9 Mei

Nimejua. Ni kidole. Mchumaji anageuka kushoto kwanza, ndipo kidole kinagusa kushoto. Kidole kinafuata mchezo, badala ya mchezo kufuata kidole. Na simu yake ni ya bei ya chini kama yangu, alisema mwenyewe. Simu zetu hazichezi laini hivyo. Nafikiri amerekodi mchezo kwenye kompyuta, akauweka kwenye simu kama video, halafu anapapasa kioo.

Nikamwandikia Odhiambo pembeni. Akajibu, "Chela, wewe hata chai ukipewa unanusa kwanza."

Ni rahisi kwake. Si yeye aliyeandika uhakiki wa kwanza. Ni mimi. Nyota tano. Niliandika kwamba Kikapu kilinifanya nisikie umande wa asubuhi kwenye magoti. Mwalimu mmoja wa Chebunyo aliniambia wazi kwamba alichanga kwa sababu ya maneno yale. Kama huyu ni mwongo, amedanganya kwa mdomo wangu.

Jumapili, 11 Mei

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa napanga kichwani mambo nisiyoyajua kuhusu Wesley.

Hakuna mtu kwenye grupu amewahi kumwona. Akipigiwa hashiki, anaandika baadaye. Muulize swali la ndani, kwa mfano kwa nini mvua inapunguza mwendo ukipanda na haipunguzi ukishuka, atanyamaza siku nzima. Jibu likija si sauti yake. Ni fupi, safi, halina mzaha. Wesley wa kila siku ni mizaha mitupu.

Ni watu wawili. Sina shaka. Ama mchezo ameuiba na bado anamuuliza mwenye mchezo maswali.

Jumatano, 14 Mei

Nimeandika kwenye grupu bila kumwambia Odhiambo. Nilieleza habari ya kidole. Nilipaswa kuishia hapo. Hasira ikanishika, nikaongeza kwamba aliyetengeneza Kikapu hajawahi kuchuma chai maishani, kwa sababu hakuna mchumaji wa kweli anachuma kwa mkono mmoja.

Wengine walicheka. Wengine wakaniuliza nalipwa na nani. Wesley akaandika, "Madam, unaniumiza," na uso wa kulia. Hakujibu la kidole.

Odhiambo akafuta ujumbe wangu. Alisema tuyamalize pembeni kwanza. Hapo ndipo moto ukawaka. Mtu mmoja akasema Odhiambo anamficha Wesley kwa sababu wamegawana mchango. Mwingine, simjui, akaandika kwamba watu wa ziwani ndivyo walivyo, arudi alikotoka babu yake.

Odhiambo amezaliwa huku huku, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Mama yake bado anaishi hapo. Nililisoma lile neno. Nilikuwa na simu mkononi. Sikuandika kitu.

Ijumaa, 16 Mei

Odhiambo ametoka kwenye uadmini. Hakuaga. Aliniandikia mstari mmoja: "Kama unataka ukweli, nenda Kaplong ukamwone."

Nitaenda. Kesho nafunga duka.

Nawaza pia kama Odhiambo alitoka kwa uchungu au kwa kuogopa kuulizwa. Hata yeye nimeanza kumshuku. Sijipendi leo.

Jumamosi, 17 Mei

Niandike kila kitu kabla sijasahau.

Nilifika Kaplong asubuhi, mvua ikinyunyiza. Nikauliza pale wanapokusanya maziwa: namtafuta Wesley wa kompyuta. Mama mmoja mwenye mtungi akacheka. "Wesley? Wa kompyuta ni dada yake. Wesley ni wa maneno." Akanionyesha njia.

Dada anaitwa Faith. Ananizidi kidogo kwa umri. Alikuwa ametoka shambani wakati huo huo, gambuti miguuni, aproni ya nailoni ya kuchumia bado kiunoni. Mama yao alinikaribisha, akaleta chai. Tuliongea Kikipsigis. Nikajitambulisha kama mtu wa grupu ya Kikapu.

Faith akaniangalia. "Wewe ndiye uliandika sijawahi kuchuma chai?"

Akaweka mikono juu ya meza. Kucha nyeusi kwa utomvu, vidole vimepasuka pembeni. Nikaweka kikombe chini.

Halafu akaeleza bila hasira. Alichora mikono miwili mwanzoni. Picha zikawa nzito, na alipojaribu kwenye simu za bei ya chini mchezo ukagoma. Akachagua mmoja. Wesley ndiye humletea maswali ya grupu, yeye anajibu akitoka shambani. Hataki kuingia huko mwenyewe. Kwenye grupu nyingine za michezo aliona wanawake wanavyojibiwa wakikosoa.

Hata hapo sikuamini. Naona aibu kuandika, lakini sikuamini. Nilidhani labda naye amepangwa. Nikamwomba abadilishe kitu nikiona. Akafungua kompyuta, akaandika mistari miwili, na mvua ikakoma kwenye mlima wa Kikapu. Akaifuta, mvua ikarudi. "Umetosheka?"

Nikamwonyesha ile video, nikataja na mchango wetu wa toleo la Pasaka. Nilidhani anajua yote. Aliitazama mpaka mwisho, akaniomba nirudie. Kisha akamwambia mama yake, kwa sauti ya chini sana, amwite Wesley.

Wesley aliingia akicheka. Alipoiona simu yangu, kicheko kikaisha.

"Nilitaka kukupa muda," alimwambia dada yake.

"Muda gani? Mimi nilisema Agosti. Nani alisema Pasaka?"

"Walikuwa wanasumbua."

"Na mchango? Huyu anasema watu walichanga. Kompyuta hii mpya uliniambia ni mshahara wako."

"Ni huo mchango," Wesley akasema. Nilikuwa nimekuja kukamata mwizi. Nilimpata mtu aliyenunulia dada yake kompyuta kwa mchango wa watu, akaona haya kusema, na kila uongo ukadai mwingine. Bado namkasirikia. Lakini si hasira niliyokuja nayo.

Nilisema grupu lazima ijue. Faith akafikiri. "Mambo ya video ni ya Wesley, ayaseme mwenyewe. Jina langu ni langu. Usiliweke huko."

Nikakubali. Sikumwomba msamaha mpaka nilipokuwa mlangoni. Akaitikia kwa kichwa tu.

Jumatatu, 19 Mei

Wesley ameandika. Video ilikuwa ya kughushi. Mchango ulinunua kompyuta. Anayetengeneza Kikapu si yeye, ni mtu asiyetaka kutajwa. Toleo la simu ni Agosti. Anayetaka kurudishiwa mchango wake aseme.

Matusi mpaka jioni. Mwalimu wa Chebunyo alitoka bila neno. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Na mimi nikaandika. Kwamba nilimsifu mtu nisiyemwona, halafu nikamdharau mtu nisiyemjua, na yote mawili nilifanya kwa sauti kubwa. Kwamba lile la mkono mmoja nililisema kwa ujinga. Kwamba Odhiambo hakula hata shilingi, na aliyemwambia arudi kwa babu yake alisema uchafu, na mimi nilinyamaza. Siku tano nimechelewa.

Nikamtumia Odhiambo hayo hayo pembeni. Ameyasoma.

Alhamisi, 22 Mei

Odhiambo bado hajajibu. Wateja wengi. Nilikosea kurasa za barua ya mzee mmoja, nikazichapa upya bure.

Ujumbe kutoka namba ngeni. Ni Faith. Anataka watu wawili wenye simu za chini wajaribu toleo la simu na kumwandikia kasoro. Mimi na Odhiambo. Anasema alimchagua Odhiambo kwa sababu ndiye aliyetetea kuteleza.

Nilisita. Kwa nini mimi? Nikatafuta mtego, sikuuona. Nikakubali.

Jumatano, 28 Mei

Mvua tangu asubuhi. Hakuna wateja. Toleo la Faith limeingia kwenye simu kwa shida, lakini limeingia. Zito kidogo. Ukigusa kushoto, mchumaji anachelewa, halafu anageuka.

Nimecheza karibu saa nzima nyuma ya kaunta. Hatua ya kwanza sawa. Hatua ya pili kioo kikaganda. Nikazima, nikawasha, kikaganda tena mahali pale pale.

Ujumbe. Odhiambo. Hakuna salamu.

"Hatua ya pili, daraja la miti. Imeganda. Kwako pia?"

"Kwangu pia," nikaandika.

"Basi si simu," akajibu. "Jaribu kupita bila kukimbia, mimi nitajaribu nikikimbia."

Nikaanza tena kutoka chini.