Jezi Yako Inakwenda Ng'ambo

Mpendwa Kulwa, pacha wangu,

Nakuandikia kukuarifu kwamba nimeteuliwa kujaza nafasi yako katika timu ya taifa ya raga, inayokwenda kufanya ziara yake ya kwanza ng'ambo. Uteuzi huu niliutamani kwa muda mrefu. Sikutamani unijie kwa njia ya kifo chako.

Bila shaka unaukumbuka uwanja wetu wa mwanzo pale Kirumba, sehemu ile ya ufukwe ambako mama na wenzake huanika dagaa. Tulisubiri waanue ndipo tucheze, na bado mama alifoka: "Nyie mapacha, mkikanyaga dagaa zangu mtazila na mchanga wake!" Jirani yake akacheka: "Mpira gani huu, unakimbia mbele halafu unarusha nyuma? Nyuma kuna nini?"

Ukamjibu kwa adabu, "Shikamoo, mama. Nyuma yuko Doto."

Ulitangulia katika kila jambo: kuzaliwa, kusoma, kuitwa timu ya taifa. Siku niliyojisahau nikakurushia mpira ukiwa mbele yangu, uliuacha ukaanguka. "Aliye mbele hapokei, Doto. Ndiyo sheria." Kisha homa ile ikakuchukua kabla ya safari.

Tulipoondoa tanga, nguo zako waligawiwa ndugu. Jezi peke yake mama aliikumbatia, akamwambia baba mdogo, "Hii bado." Ndiyo maana nilipoteuliwa nilimwendea kwa magoti kuomba ruhusa. Siku kadhaa aliendelea tu kuanika dagaa zake.

"Niliwazaa wawili," alisema hatimaye. "Mmoja yuko Usagara kwenye udongo. Wewe nawe unataka kupaa."

Jana niliikuta jezi yako imefuliwa, ameianika kando ya dagaa. Nilimwambia inanuka.

"Vaa hivyo hivyo. Hao Wazungu watakukimbia wenyewe," alisema, akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Nikajua ameniruhusu.

Kulwa, yapo mengi ningependa kukurushia: hofu yangu, furaha ninayoionea haya, upweke wa kuitwa Doto bila wewe. Lakini uko mbele, na sheria naijua.

Basi la kwenda Dar tunapanda stendi ya Nyegezi Jumapili alfajiri. Kabla ya hapo, mimi na mama tutakuja Usagara, kaburini kwako. Nitakuwa nimevaa jezi, nimesimama nyuma yako kama zamani, Jumamosi, saa kumi jioni.

Pacha wako,
Doto