Mimi Muzima

Nestor, uko hapo? Natoka sasa hivi kwa mama Berthe, mujane wa mujomba wetu, amenifunulia yote. Ile kidole ya tonton Wenceslas haikukatika kwa bahati mbaya. Alitaka mwenyewe!

Sikiliza. Ni 1955, tonton anabeba gunia za kahawa bandarini, ng'ambo ya kushoto ya mto. Alfajiri mpaka giza, hata Jumapili. Usingizi ukamukimbia, chakula ikamushinda. Akaenda kwa munganga wa kampuni, Mubelgiji mwenye Kiswahili ya kitabu.

"Inauma wapi?"
"Haiumi, docteur. Nimechoka."
"Wapi?"
"Mimi muzima."

Mimi muzima, Nestor! Alitaka kusema uchovu umemushika toka kichwa mpaka kisigino. Ule muzungu akasikia mutu mwenye afya. Akacheka: "Bon! Kama uko muzima, rudia kazi!" Na kapita, musimamizi wao wa kazi, akapiga kelele mbele ya wabebaji wote: "Karibu, Bwana Muzima!"

Muzima!

Kesho yake tonton akaweka kidole juu ya reli, wagoni ya gunia ikapita. Akarudi kwa docteur, damu inachuruzika: "Sasa inauma hapa."

Hapo ndipo wakamupa ruhusa. Alilala kama maiti. Kidonda ilipokauka, wakamurudisha kwa gunia zile zile.

Usiniambie tena ati Wabelgiji walitujengea dispensaire.

Na sisi je? Tulimuita Papa Muzima mpaka kaburini, tukifikiri ni sifa.