Bibie Hataki Kushikwa

Tarehe 3 Machi

Binti yangu,

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linajiamulia mambo yake. Wewe je? Kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa mazishi kimekwisha?

Nakuandikia kwa sababu ya Bibie. Tangu mama yako atutoke, miezi saba sasa, farasi huyu hajakubali mkono wa mtu. Mama yako alimtolea maji na kumpigia soga, naye alimfuata kama mbuzi. Mimi nikiingia uwanjani anakwenda kona ya mbali. Nikimfuata, anahamia kona nyingine. Tumezungushana hivyo mpaka majirani wanakuja na viti kututazama.

Zamani ningemtupia kamba, nikamfunga kwenye nguzo siku mbili bila maji, mambo yakaisha. Samaki mkunje angali mbichi, na hata aliyekauka mimi nilimkunja. Unajua farasi wangapi wa watu wamepita mikononi mwangu. Lakini Jumanne nilipomrushia kamba alinivuta nikala vumbi, na wale wa viti walicheka.

Shida ni kwato. Zimerefuka mpaka zimepinda mbele, anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Fundi wa kwato alimtazama kutoka nje ya ua akasema akikaa hivi mpaka mvua ziishe, miguu ya mbele itaharibika, na hapo hatakuwa na la kufanya ila kumwita daktari wa mifugo aje na sindano ya mwisho.

Nasikia huko kazini kwenu mnafunza farasi bila kuwapiga. Sielewi inavyowezekana. Nieleze, lakini usinieleze kama mtoto.

Baba yako


Tarehe 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kilikwisha, asante. Pole na goti, na pole na vumbi.

Barua yako ilikaa siku mbili juu ya kabati bila kufunguliwa. Hujawahi kuniandikia tangu nilipoondoka nyumbani, miaka minne, na mwandiko wako nilidhani umeleta habari za msiba mwingine.

Ni kweli hatuwapigi. Anayetufundisha ni mama mmoja mnene, mpole. Sisi watunza farasi tunamwita Mama Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno analolisema kuanzia asubuhi. Anasema farasi ni mnyama wa kuwindwa na kuliwa na wanyama wengine. Anamwona kila anayemjia moja kwa moja, macho yamemkazia, kama mtu aliyekuja kumla. Kwa hiyo usimwendee Bibie. Ingia uwanjani, mpe ubavu, mtazame bila kumtazama. Akigeuza sikio lake kwako, wewe geuka uondoke. Ukimwomba jambo, mwombe kidogo, na mara tu anapofikiria kukubali, acha kumwomba. Anasema farasi hajifunzi unapovuta kamba, anajifunza unapoilegeza.

Baba, nimekuandikia haya kama niliyeyaelewa. Ukweli ni kwamba huwa nayafanya, yanafaulu, na usiku wa manane ukiniuliza kwa nini sina jibu. Ukielewa wewe, nieleze na mimi.

Mwanao


Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mpaka imeanza kuchanika kwenye mkunjo. Nimwendee kwa kutomwendea. Nimtazame kwa kutomtazama. Nimwombe, na akitaka kunipa nisipokee. Nilimsomea fundi wa kwato, akaniuliza kama huko kazini mnalala vya kutosha.

Hata hivyo nimefanya, kwa kuwa sina lingine. Nilichukua ndoo, nikaifudikiza katikati ya uwanja, nikakaa nimempa mgongo. Siku ya kwanza nilikaa saa nzima nikijiona mjinga. Siku ya pili hali kadhalika. Siku ya tatu wale majirani walichoka wakarudisha viti vyao. Siku ya sita nilisikia anapumua nyuma yangu. Nikageuka upesi, akakimbia. Siku tano zote zikaenda na maji.

Sikulaumu. Nilianza upya. Kwa kuwa kukaa bure kunachosha, nikawa naongea. Nilimwambia Bibie habari za mama yako, jinsi alivyougua, jinsi nilivyokuwa nabishana na daktari. Mtu hawezi kumsimulia jirani mambo hayo. Jana nikiwa katikati ya maneno akasimama hatua nane hivi, akainamisha kichwa, akawa anajilamba midomo na kutafuna ilhali mdomoni hamna kitu. Maana yake nini? Ana njaa?

Kuna jambo jingine, na kalamu imekuwa nzito. Yule dume mwekundu. Uliyemshikia kamba wewe, nilipokuambia ushike na usiachie, akaruka akaanguka chali akavunjika shingo. Tangu hapo hatujalitaja, na wiki iliyofuata ukaondoka. Nataka kujua. Kama tungefanya namna hii yenu, angeishi?

Baba yako


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Sijapata jibu. Huenda barua ilipotea njiani. Huenda haikupotea.

Sitauliza tena. Nakuarifu tu kwamba Bibie amefika hatua tatu, na mvua zimeanza kupungua. Fundi wa kwato alipita jana, akasema kwato za mbele sasa zina nyufa. Amesema ataniongezea wiki tano, ya sita hatakuja yeye, atakuja daktari.

Nilimwambia sawa.

Baba


Tarehe 16 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua haikupotea. Nisamehe.

Kujilamba na kutafuna si njaa. Ndiyo dalili kwamba hofu inamtoka, na moyo unashuka kutoka kooni. Wengine hapa wanabisha, wanasema ni mdomo tu umemkauka. Ila akifanya hivyo, ondoka umwache. Nyosha mkono siku nyingine, kiganja chini, akunuse. Usimguse mpaka akuguse yeye.

Sikujibu kwa kuwa wiki ile barua yako ilipofika nilimpiga farasi. Ni jike mmoja mweusi, alikuwa hataki kuingia bandani, nimemsubiri tangu asubuhi, mara nikasikia mtu anafoka, "Simama, mpumbavu we," na kumbe ni mimi, nimemchapa kwa ncha ya kamba usoni. Ilikuwa sauti yako, Baba. Hata lile "we" la mwisho. Mama Taratibu hakunigombeza. Alinipa koleo nikasafishe mabanda siku saba, akasema nisimguse farasi yeyote mpaka nijue nilikuwa nimemkasirikia nani. Siku saba ziliisha, nikamwambia najua. Sikuwa najua. Nilikuwa nimechoshwa na koleo.

Kuhusu dume mwekundu, sijui. Nimejaribu kukuandikia "ndiyo, angeishi," nikaona nakuumiza. Nimejaribu "hapana," nikaona nadanganya. Kamba nilishika mimi. Niliona macho yake yamegeuka meupe, mikono ikataka kuachia, nikakuogopa wewe kuliko nilivyomwonea yeye huruma. Hilo ndilo lililoniondoa nyumbani, si hasira kwako.

Na siku nyingine naitazama kazi hii yetu naona labda ni kamba ileile, imefichwa vizuri zaidi. Farasi bado anafanya tunalotaka sisi. Anafikiri tu amelitaka yeye. Nilimuuliza Mama Taratibu, akasema, "Swali zuri," akaenda kula.

Mwanao


Tarehe 12 Juni

Mama,

Nakuita hivyo kama nilivyokuita ulipokuwa mdogo. Ukiona si mahali pake, nitaacha.

Nilikaa na maneno yako siku nyingi. Mimi nilidhani unanichukia, nikawa nimezoea. Sasa unaniambia ulikuwa unaniogopa, na sijui lipi lilikuwa afadhali. Baba yangu alinifunza hivyo, naye alifunzwa hivyo. Si utetezi. Nasema tu kwamba hakuna aliyenionyesha mlango mwingine, nami sikuutafuta. Kamba ulishika wewe, lakini neno la kushika lilitoka kwangu. Liache kwangu.

Sasa habari za Bibie. Mwisho wa Mei alinigusa bega kwa pua. Sikugeuka. Kesho yake alinusa kiganja, keshokutwa yake nikamkuna chini ya singa za shingo, pale mama yako alipokuwa akimkuna. Jumatatu iliyofuata nikamvisha kamba ya kichwani. Aliinamisha kichwa mwenyewe. Fundi wa kwato alikuwa langoni na vyombo vyake, ameshakunja mikono ya shati.

Nami nikaivua.

Nilishika kamba, nikaona jicho lake linaanza kuonyesha weupe, mkono ukaachia kabla ya akili. Fundi wa kwato alinitolea maneno ambayo sitayaandika kwa binti yangu. Wiki tano zilikuwa zimebaki siku mbili. Nilijua nimemuua Bibie kwa upumbavu. Nilikaa kwenye ndoo nikamwomba radhi, mzee mzima, mbele ya fundi na koleo lake la kukatia kwato.

Akaja. Akasimama, akasukuma ile kamba kwa pua kwenye paja langu. Fundi akasema huenda alitaka chumvi ya jasho, na mimi sibishi. Nikamvisha tena. Siku hiyo tulikata ukwato mmoja, tukamwachia. Kesho yake mmoja. Ilichukua siku nne kwa kazi ya nusu saa, na fundi alikuja siku zote nne akilalamika, bila kukosa hata moja.

Bado anachechemea mguu wa kulia wa mbele. Fundi anasema hajui kama utapona au utabaki hivyo; tungoje kwato ziote. Lakini sindano hakuna.

Chumba chako nimekisafisha. Dirisha lilikuwa limekwama, nimelirekebisha. Sikuiti.

Baba


Tarehe 24 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimewasomea wenzangu habari za kwato. Mama Taratibu aliomba kuishika barua, na kwake hilo ni jambo kubwa.

Ila nikuulize. Umeniandikia "Sikuiti." Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Je, ndivyo unavyonifanyia mimi? Umenipa ubavu, umekaa kwenye ndoo, unangoja nije ninuse? Nilianza kucheka, halafu nikakasirika, halafu nikaona nimeshatoa begi chini ya kitanda, na sikukumbuka nimelitoa saa ngapi. Sijui kama ni mimi ninayetaka kuja au ni wewe uliyenifanya nitake. Na nikijua, sijui kama itabadilisha chochote.

Endelea kuniita Mama. Ni mahali pake.

Nimepewa likizo ya siku kumi. Kuna basi Ijumaa ya pili ya Julai, linafika kama saa nane mchana. Sisemi kwamba nitapanda.

Mwanao


Ijumaa, juu ya meza ya jikoni

Mama,

Sikuwa nakufanyia lolote. Au nilikuwa nakufanyia. Nimejichunguza wiki nzima. Niliogopa tu kwamba nikikuita hutakuja, na nisipokuita nitaweza kusema sikuita.

Leo nimetoka kwenda kituo cha basi mara mbili na mara zote mbili nimerudi njiani. Sijui kama binti anayerudi hufuatwa au husubiriwa. Mama yako ndiye angejua. Mara ya pili muuza magazeti aliniuliza kama nimepotea, nikamwambia ndiyo.

Niko uwanjani nyuma ya nyumba. Mlango haujafungwa. Ukitaka nije ndani, gonga dirisha. Ukitaka kupumzika kwanza, pumzika. Kama hukupanda hilo basi, basi barua hii nitaisoma mwenyewe.

Chai ipo kwenye chupa. Ikipoa nitachemsha nyingine.

Baba