Mlo wa Chupa wa Mama

Kaka mpendwa,

Huku hatujambo, hata dirisha la jikoni nimelipaka rangi.

Mama siku hizi hali chakula kigumu. Nesi ametuletea vile vinywaji vya lishe vya chupa, vyenye protini na vitamini, vya kunywa badala ya mlo. Mama, aliyepika hotelini miaka thelathini, hunywa kwa mrija, akafumba macho na kunong'ona, "Leo vitunguu umeviunguza kidogo, mwanangu." Nami, kama ndotoni, huisikia harufu ya vitunguu hivyo.

Daktari anasema koo lake halitafunguka tena kupitisha chakula kigumu.

Jana aliisukuma chupa kando. "Kaka yako ameshakula?"

Nikamjibu umekula, umeshiba. Ndipo akanywa yote.

Njoo, kaka, umjibu mwenyewe.

Ni mimi, kitindamimba wenu.